Kudijitisha kanda za zamani: maana yake hasa

Nilipeleka kaseti ya mjomba wangu kwenye kibanda kimoja Kariakoo, kwa wale vijana wanaoingiza nyimbo kwenye flashi. Kaseti yenyewe ilirekodiwa redioni, enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam: nyimbo za dansi, na katikati yake mtangazaji anasoma salamu. Jioni kijana akanikabidhi flashi huku anatabasamu. "Mzee, nimekusafishia kabisa. Yale maneno maneno nimeyatoa."

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. "Mjomba," akaniambia, "mbona mimi simo?"

Kumbe kwenye hayo maneno maneno ndimo jina lake lilimosomwa, yeye na wenzake wa Magomeni, pamoja na jina la bendi iliyopiga.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kudijitisha ni nini, naanzia hapo. Dijiti ni tarakimu tu. Kudijitisha sauti ni kuipima na kuiandika kwa tarakimu, ili isiendelee kutegemea kitu kinachooza. Na kanda inaoza. Ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa madini ya chuma kwa gundi, na kichwa cha mashine ya kurekodia huupanga usumaku wa unga ule kwa kufuata mawimbi ya sauti. Gundi ikichoka, unga unabanduka, na wimbo unaondoka nao.

Kompyuta hupima wimbi la sauti mara nyingi mno kwa sekunde na kuandika kila kipimo. CD ya kawaida ina vipimo 44,100 kwa sekunde. Watunza nyaraka za sauti hupendelea 96,000, kila kimoja kikiandikwa kwa biti (zile 0 na 1 za kompyuta) 24 badala ya 16 za CD. Dakika moja ya stereo kwa kiwango hicho, katika faili la WAV, lile lisilotupa kitu, inakula karibu MB 35. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 1 tu, kwa sababu inatupa kile inachodhani sikio halitakikosa. Kikishatupwa hakirudi. Ndiyo maana nakala mama huwa WAV, halafu MP3 ya kusikilizia kwenye simu hutolewa humo.

Kwa jiji hili suala ni zito kuliko kwingi. Miaka ya sitini na sabini bendi iliyotaka kusikika ilikwenda kurekodi Redio Tanzania, Barabara ya Pugu. NUTA Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, baadaye Mlimani Park iliyoanzishwa 1978, wote walipitia pale. Baadhi ya nyimbo zilipelekwa Nairobi zikatolewa kwenye santuri. Nyingine nyingi hazikuchapishwa popote. Kwa hiyo ile kanda iliyorithiwa na TBC, shirika la utangazaji la taifa, mara nyingi si nakala ya wimbo, ndiyo wimbo wenyewe. Ikifa hakuna mtu Ulaya wala Marekani mwenye santuri yake kabatini.

Sasa weka kanda hizo kwenye hewa ya Dar, mji ambao chumvi inakuwa donge ndani ya kichupa. Gundi ya kanda za aina fulani, hasa za miaka ya sabini na themanini, inafyonza unyevu mpaka inanata. Ukiipiga hivyohivyo inalia kama bawaba kavu na kuacha tope la kahawia kwenye kichwa cha mashine. Tope hilo ndilo muziki. Dawa yake inachekesha: kanda inaokwa, kwa joto la chini la kama nyuzi 50, saa nyingi, ili ikauke na kuvumilia kupigwa. Lakini usioke kila unachokikuta. Ukifungua boksi ukanusa siki, hiyo ni kanda ya zamani zaidi, ya plastiki iitwayo asetati, na oveni itaimaliza.

Kisha inakuja kazi yenyewe, inayofanyika polepole. Fundi anafuta kichwa cha mashine kwa spiriti. Anatafuta mwendo sahihi: kwa sentimita 19 kwa sekunde, wimbo wa dakika nne ni utepe wa kama mita 46, na ukikosea mwendo mwimbaji anageuka kuwa kifaranga. Halafu anashika bisibisi ndogo na kuzungusha skrubu ya kichwa, kidogo kidogo, akisikiliza manyanga na matoazi. Pembe ya kichwa hicho juu ya utepe ikiwa imepinda, yanasikika kama yamefunikwa na blanketi. Ikikaa sawa yanafunguka ghafla. Kwa kawaida saa moja ya kanda haihamishwi kwa chini ya saa moja, kwa sababu lazima ipigwe yote. Pengine ndiyo mara ya mwisho itakubali kupigwa.

Na mashine zenyewe zinakwisha. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha watunza nyaraka za sauti, walianza kutoa tahadhari kwamba karibu na 2025 sehemu nyingi za dunia zingekosa vifaa na vipuri vya kupigia kanda. Mwaka huo nao umeshafika.

Usafishaji wa kelele? Fanya, lakini kwenye nakala ya kusikilizia. Nakala mama ibaki na mikwaruzo yake, na kikohozi cha mpiga tarumbeta kama kimo. Piga picha boksi la kanda, pande zote, na karatasi iliyo ndani: jina la bendi, tarehe, jina la mtunzi lililoandikwa kwa kalamu na kusahihishwa. Bila hayo unabaki na faili linaloitwa "Track 07", yatima asiyejulikana ukoo, na hata COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, haitajua haki ya wimbo huo ni ya nani. Kudijitisha hakumfanyi mtu kuwa mwenye wimbo. Wengi pale Kariakoo hawalijui hilo, au wanalijua.

Halafu hifadhi nakala zaidi ya moja, kwenye majengo tofauti. Diski nayo hufa, tena bila kunuka siki.

Kaseti ya mjomba hatukuwa tumeitupa. Niliipeleka kwa fundi mwingine, nikamwomba asikate kitu. Kwenye upande B, wimbo unapofifia, mtangazaji anaanza kusoma majina. Lake ni la nne. Mjomba aliomba lirudishwe nyuma, na fundi, kwa mazoea, akanyoosha mkono kutafuta kitufe kwenye deki ilhali sauti ilikuwa inatoka kwenye kompyuta.