"Ataugua kichomi huyo!" Na mengine tunayoambizana Mbeya kuhusu michezo

Mwezi Mei ndipo baridi ya Mbeya inapoanza kuuma, na ndipo shule zinapochuja timu za UMISSETA na UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya sekondari na ya msingi. Kwa hiyo kila mwaka, msimu huohuo, mimi mwalimu wa michezo hupata wageni uwanjani. Mwaka mmoja alikuja mama amejitanda kitenge mpaka masikioni. Akanisalimia, akauliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za shamba, ndipo akasema: "Mwalimu, naomba mwanangu asikimbie tena. Anatoka jasho, upepo unampiga, usiku kifua kinambana. Ataugua kichomi huyo."

Kubishana na mzazi mbele ya timu si adabu. Nilimvutia benchi, tukakaa. Mengi ya ninayoandika hapa nilianza kumwambia siku ile.

"Jasho na baridi huleta kichomi"

Kichomi, au nimonia, huletwa na vimelea: bakteria, virusi, mara chache fangasi. Jasho halizai bakteria, na upepo wa Uyole hauna virusi vyake. Mbona basi Juni na Julai wodi zinajaa watoto wanaokohoa? Tazama tunavyoishi miezi hiyo. Madirisha yamefungwa, watoto wanne blanketi moja, jiko la mkaa limeingizwa ndani ili chumba kipate joto. Mmoja akikohoa, wote wamepata. Moshi nao unaumiza mapafu ya mtoto na kuvifungulia vimelea njia. Nilimwambia yule mama kwamba binti yake yuko salama zaidi anapokimbia uwanjani kuliko anapokaa saa mbili jikoni akipuliza kuni. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

Lakini hakuwa amekosea kila kitu, na hapa ndipo sisi walimu tunapoharakisha kucheka wazazi. Hewa baridi na kavu, ukiivuta kwa nguvu, inaweza kweli kubana njia za hewa za mtu mwenye pumu. Dalili zake ni kikohozi na kifua kupiga filimbi wakati wa kukimbia au dakika chache baadaye. Huyo hahitaji kuachishwa michezo, anahitaji kupimwa. Wengi hupewa dawa ya kuvuta, ile tunayoiita pampu, watumie kabla ya mchezo kama daktari alivyoelekeza. Apashe mwili taratibu dakika kumi au kumi na tano, afunge kitambaa puani na mdomoni asubuhi yenye ukungu, na akimaliza avue jezi mbichi avae kitu kikavu. Binti yule alipelekwa hospitali, ikaonekana ni pumu. Alirudi na pampu yake mfukoni akacheza senta msimu mzima.

"Mtu wa nyanda za juu amezaliwa na pumzi"

Hii tunaipenda kwa sababu inatusifu. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukivuta pumzi unapata oksijeni pungufu kwa kama asilimia 18 kuliko mtu wa Dar es Salaam. Mwili wa anayeishi huku hujirekebisha kwa kutengeneza seli nyekundu nyingi zaidi za damu. Ndiyo maana timu ya pwani ikija uwanja wetu wa Sokoine, dakika ya sabini unawaona wameshika magoti. Na mwaka 1986 Tukuyu Stars walipotwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara, wazee wa Rungwe walisema ni hewa ya kwao. Labda kidogo. Ila hewa hiyohiyo ipo kila mwaka na ubingwa haujarudi Tukuyu.

Mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari alikutana na jambo hili kwa upande wake mchungu. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, mji ulioko kama mita 2,240, misuli ilimkaza, akaanguka, akaumia goti, na bado akamaliza mbio wa mwisho akichechemea na bendeji mguuni. Mwinuko unampa kitu mtu aliyeufanyia mazoezi. Anayekaa tu dukani Mwanjelwa, pumzi yake itamwishia kwenye ngazi kama ya mtu wa Tanga.

"Michezo inakula masomo"

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa nchi nzima, kisha yakarudishwa. Hofu iliyoyasimamisha haikuondoka. Ukifika mwezi wa pili, kidato cha nne wanaambiwa waweke daluga juu ya kabati mpaka Novemba. Shule moja niliyowahi kufundisha ililima viazi nusu ya uwanja, na saa ya michezo ikageuzwa kuwa masomo ya ziada. Nilisimama nyuma ya darasa siku moja, saa kumi jioni, nikahesabu vichwa vilivyolala kwenye madawati. Niliacha kuhesabu kwa aibu.

Tafiti zilizolinganisha wanafunzi wanaopewa muda zaidi wa mazoezi na wasiopewa hazijaonyesha kwamba alama zinashuka, na nyingine zimeona umakini darasani ukipanda. Haishangazi. Mtoto aliyekimbia analala vizuri, na aliyelala vizuri anaelewa. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya kumtoa jasho. Mchakamchaka wa asubuhi, ule wa kuimba huku kiranja akiongoza, ulikuwa unampa sehemu nzuri ya dakika hizo bila shule kununua hata mpira mmoja. Shule ngapi za mjini bado zina mchakamchaka? Basi la shule linamchukua mtoto mlangoni na kumshusha kwenye paredi.

Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Baadaye huyohuyo mkimbiaji akafungua shule. Huwa nawatajia jina lake walimu wakuu wanaoniambia riadha na elimu havikai chumba kimoja. Mtaala mpya wa msingi nao umeweka somo la Sanaa na Michezo, kwa hiyo anayefuta kipindi hicho sasa anafuta somo.

Nikubali kinachoharibu masomo kweli: kambi. Kumtoa mtoto darasani wiki tatu, bila daftari, bila mwalimu wa kumfidia vipindi, kisha kumrudisha siku mbili kabla ya mtihani. Hilo ni kosa la ratiba yetu sisi watu wazima, na analilipa mtoto.

"Binti akikimbia sana atakosa kizazi"

Hii hainijii uwanjani. Huja kwa mafumbo, kwa bibi au shangazi, na mara nyingi binti mwenyewe haniambii. Anaanza tu kusahau raba nyumbani. Niseme wazi. Mji wa mimba umeshikiliwa vizuri ndani ya nyonga na hautikisiki kwa kuruka mpira wa wavu. Kukimbia hakumzuii mwanamke kuzaa. Wanaoambiwa kwamba riadha au baiskeli "itaharibu usichana" waambiwe pia kwamba utando ule wa ubikira hutofautiana kati ya msichana na msichana tangu kuzaliwa, na haumpi mtu yeyote habari za mwenendo wa binti.

Hedhi nayo si likizo ya lazima. Wasichana wengi hupata nafuu ya maumivu ya tumbo wanapotembea au kucheza kidogo, na asiyejisikia apumzike bila kuulizwa maswali. Wengi ninaowaona wakikaa pembeni siku hizo hawakai kwa ajili ya maumivu. Wanakaa kwa sababu sketi ya netiboli ni nyeupe na choo cha shule hakina maji. Mwalimu wa kiume mwenzangu, ukiwa na akili, nunua bukta nyeusi na weka pakiti ya pedi kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Mimi ilinichukua miaka sita kufikiria hilo.

Yapo ya kuangalia kweli. Msichana anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo, hedhi inaweza kukatika, na mifupa yake ikadhoofika. Tiba yake inaanzia kwenye sahani: maharage, mayai, maziwa, parachichi ambazo huku kwetu zinaozea chini ya mti. Na "misuli ya kiume" wanayoiogopa haiji hivihivi. Misuli minene inategemea sana homoni ambayo wavulana wanayo kwa wingi kuwashinda mbali. Anachovuna binti kwa kuruka na kukimbia ni mfupa imara, na benki ya mfupa hujazwa zaidi kabla ya kufika miaka ishirini na kitu. Anayecheza rede na kuruka kamba akiwa darasa la nne anaweka akiba atakayoitumia akiwa bibi.

Mbili za benchi la ufundi

Glukosi. Mtoto anaramba unga mweupe wakati wa mapumziko, ulimi umeganda, halafu anaomba maji. Kwa mechi ya saa moja mwenye kula vizuri mchana anahitaji maji tu, na anywe hata katikati ya mchezo. Ile ya "usinywe, tumbo litachomoka" iachwe.

Ya pili ni ya maji ya moto. Mtoto ametegua kifundo cha mguu, na kabla hajaondoka uwanjani kuna mtu anachemsha maji na chumvi amkande, mwingine anamchua kwa nguvu zake zote. Siku mbili tatu za mwanzo joto na kuchua huongeza uvimbe. Weka kitambaa chenye maji baridi (Mbeya mwezi wa saba, maji ya bomba yanatosha kabisa), funga bendeji isiyobana sana, inua mguu. Akishindwa kukanyaga hatua nne, apelekwe akapigwe picha. Fundi wa kuchua aliye jirani asione vibaya.

"Mazoezi ni ya watu wa mjini, sisi tuna jembe"

Siku moja Iringa nilikuwa nashuka kutoka Gangilonga, raba zimejaa vumbi, mzee mmoja akaniitikia "kamwene" kisha akauliza nimefukuzwa na nani. Nilipomwambia nilikuwa nafanya mazoezi alicheka mpaka akakaa. Na kwake yeye alikuwa sahihi. Kulima, kuchota maji, kupanda mlima na mzigo wa kuni, vyote ni shughuli za mwili na vinahesabiwa. Mtu mzima anaelekezwa apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Mzee yule huzimaliza kabla ya Jumanne.

Tatizo ni wanaosema maneno yake bila kuwa na jembe lake. Kijana wa bodaboda anakaa juu ya pikipiki saa kumi na mbili kwa siku. Ofisa kilimo anakagua mashamba kwa gari. Mwenye mashamba Mbarali ameajiri vibarua na trekta, yeye anasimamia kwa simu. Mwalimu, mimi mwenyewe, nasahihisha madaftari mpaka usiku. Babu zetu walilima, ni kweli, ila shinikizo la damu halisomi ukoo.

"Nilicheza shule, sasa umri umekwenda"

Hapa ndipo naona tunapotea zaidi kuliko pote. Siku ya mahafali ya kidato cha nne mtoto anarudisha jezi, na kwa wengi, hasa wasichana, ndiyo mara ya mwisho mwili kukimbia bila kufukuzwa. Tumeifanya michezo kuwa kitu cha shule kama sare. Asiyekuwa na kipaji anaachia hata mapema zaidi, darasa la tano, siku asipochaguliwa.

Milango ipo. Watumishi wa wizara na idara za serikali wana SHIMIWI yao, na ukiona mhasibu wa miaka hamsini na mbili akivuta kamba utaheshimu mshahara wake. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Vikundi vya jogingi havijasubiri hata hiyo. Viko barabarani alfajiri na nyimbo zao, na mwenye kitambi anakaribishwa nyuma.

Mwenye presha au kisukari aongee kwanza na daktari wake, aanze kwa kutembea, ila asikubali kuambiwa "pumzika tu". Misuli isiyotumika hupungua mwaka hadi mwaka, na mzee anayeanguka bafuni mara nyingi ameangushwa na miguu iliyopumzishwa muda mrefu. Kwa waliofika 65, ushauri ni kuongeza mazoezi ya nguvu na ya kujizuia usianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki.

Mama yangu yuko Tukuyu, sabini na kitu. Nilimfundisha kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika mparachichi, kisha aachie. Mwanzoni majirani walidhani amepotewa na akili. Wiki iliyopita tulishindana, mdogo wangu akihesabu kwa simu: mama sekunde ishirini na mbili, mimi kumi na tisa.