Mshipa wa madini huzaliwa mara nyingi

Watu wanaoniletea mawe hapa Arusha huniuliza swali lile lile, kidole kikiwa kwenye mstari mweupe uliokatiza jiwe jeusi: huu uliingiaje humo? Wengi hudhani ni mwamba ulioyeyuka ukajipenyeza. Kwa mishipa ya kwatzi, yale madini magumu meupe yanayojaza mistari kama huo, mara nyingi sivyo. Hiyo ni kazi ya maji.

Kilomita kadhaa ardhini, maji yenye joto la nyuzi 300 hivi huyeyusha silika, kemikali inayounda kwatzi, kutoka kwenye miamba yanamopita. Yakikosa pa kutokea, mgandamizo wake hupanda hadi mwamba unachanika. Ufa ukifunguka, mgandamizo hushuka ghafla, maji hushindwa kubeba mzigo wote, na silika huganda kwenye kuta za ufa mpaka unaziba. Kisha mgandamizo huanza kupanda upya.

Ushahidi uko mkononi mwako. Lowesha kipande cha mshipa, ukitazame kwa lenzi: mara nyingi utaona vistari vyembamba vyeusi vilivyolala sambamba na ukingo. Hivyo ni vibanzi vya mwamba wa pembeni, vilivyobanduka ufa ulipofunguka tena na tena. Mimi hapo ndipo ninapotazama kwanza, kabla ya rangi. Na kwa kuwa lita moja ya maji hayo hubeba takriban gramu moja tu ya silika, mshipa wenye upana wa kiganja umepitisha maji mengi ajabu.

Kalsaiti, madini ya chokaa, ina tabia yake: huganda zaidi maji yanapopoteza kaboni dioksidi, kama ukoko mweupe wa ndani ya birika.

Sasa Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti. Takriban miaka milioni 585 iliyopita, miamba ya pale yenye kinywe, madini meusi ya kalamu za risasi, ilikunjwa na kuvutwa. Matabaka magumu yalikatika vipande, yakaacha mapengo, na humo maji ya moto yakajenga kwatzi, kalsaiti na zoisaiti, madini ambayo tanzanaiti ni aina yake ya bluu. Metali ya vanadiamu iliyotoka kwenye miamba hiyo hiyo ndiyo iliyoipa tanzanaiti bluu yake. Kristali yenye pande zilizokamilika ilikua penye nafasi. Iliyobanwa haikupata umbo.

Ndiyo maana nawasihi wanaapolo, wachimbaji wa migodini: mshipa ukipotea, msikimbilie kulipua mbele moja kwa moja. Someni kwanza tabaka limekunjwa kuelekea wapi, maana mifuko ya mawe ya vito hufuata kona za mikunjo na mapengo ya matabaka yaliyokatika.