Dickens hakufa na siri yote ya Edwin Drood

Husemwa mara kwa mara kwamba Charles Dickens, alipofariki tarehe 9 Juni 1870, alizikwa na siri ya riwaya yake ya mwisho, The Mystery of Edwin Drood. Si kweli. Kati ya sehemu 12 alimaliza 6 tu, lakini alikuwa ameshadokeza mwisho. Rafiki yake John Forster aliandika kwamba kisa kilihusu mjomba aliyemuua mpwa wake.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa mchoraji wa riwaya hiyo, Luke Fildes. Aliona kwamba Jasper, mjomba wa Edwin, aliyekuwa akivaa tai ndogo nyeusi, sasa amepewa kitambaa kirefu cha kuzungushwa shingoni mara mbili. Akauliza kwa nini. Dickens alisita, kisha akamwambia: hicho ndicho Jasper atakachomnyongea Edwin.

Dhana kwamba Dickens alizikwa na siri hiyo imezidi kukolea kupitia tamthilia ya muziki ya Rupert Holmes, iliyoanza New York mwaka 1985. Humo watazamaji humpigia kura muuaji, naye hubadilika kwa kadiri ya kura za usiku huo. Ni ubunifu mzuri sana, ila kura hiyo ni ya Holmes. Fumbo halisi ni Datchery, mgeni mwenye mvi anayemchunguza Jasper: ni nani hasa, kurasa zilizopo hazisemi.