Kipande, manamba na chama: wafanyakazi wa Tanga walivyojipanga

Mzee aliyefanya kazi mashamba ya mkonge ya Muheza au Korogwe akikwambia alimaliza vipande kumi, usidhani ni miezi kumi. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyougua haikuhesabiwa, wala ile uliyoshindwa kumaliza kazi uliyopimiwa na mnyapara. Mwezi wa kalenda ulikwisha, wa kipande bado, na mshahara ukangoja kadi ijae.

Mkonge wenyewe uliletwa na Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Wakataji walitafutwa mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, hata Msumbiji. Walisajiliwa kwa namba, na kutoka hapo tukapata neno manamba.

Ajabu ni kwamba hawa, wenye dhiki kuliko wote, ndio waliochelewa kupata chama. Makarani waliwatangulia. Mwaka 1922 Martin Kayamba, karani wa serikali, alianzisha Tanga mjini chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Hakikuwa chama cha migomo, lakini kilizoesha watu kukaa kikao na kuandika madai yao. Makuli wa bandarini nao hawakungoja barua: mwaka 1939 waligoma. Meli ikikaa bila kupakuliwa, hasara inaonekana siku hiyo hiyo.

Manamba hakuwa na kalamu wala meli. Aliishi kambini ndani ya shamba la mwajiri, mkataba ukiisha anarudi kwao, na akitoroka kabla anashtakiwa kama mhalifu. Mtu wa kupita hujenga chama na nani?

Jibu lilikuja baada ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, kuundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Chama cha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge kikaongozwa na Victor Mkello, na mwaka 1958 shamba la Mazinde likatikiswa na mgomo mrefu.

Uhuru haukumaliza ugomvi. Januari 1963 serikali mpya, ambayo Kawawa mwenyewe alikuwa miongoni mwa vigogo wake, ilimpeleka Mkello Sumbawanga akae huko kwa amri. Mwaka uliofuata TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake akawa anateuliwa na Rais.