Dauphin: cheo cha mrithi wa Ufaransa kilichoanzia kwenye madeni

Mtu akisikia Dauphin anajua ni mtoto wa kwanza wa mfalme wa Ufaransa, basi, imeisha hiyo. Mimi nafundisha historia ya Ufaransa ya zama za kati na kila mwaka lazima mwanafunzi aniulize imekuwaje mrithi wa ufalme mkubwa vile akaitwa pomboo, maana dauphin kwa Kifaransa ni pomboo huyohuyo wa baharini. Ukitaka jibu zuri inabidi uanze na mtu aliyefulia.

Kusini mashariki, milimani kule Grenoble, karne ya 12 kulikuwa na mtawala anaitwa Guigues IV, jina lake lingine Dauphin, ndo hilo la pomboo. Waliomfuata wakalifanya jina hilo kuwa cheo, pomboo akachorwa kwenye ngao yao, na nchi yao ikaja kuitwa Dauphiné. Sasa shika hili: Dauphiné haikuwa Ufaransa, ilikuwa chini ya Dola Takatifu la Roma, yaani mkubwa wao kwenye makaratasi alikuwa Kaisari wa upande wa Ujerumani.

Mwaka 1333 akaingia Humbert II. Jamaa alipenda maisha makubwa, ikulu ya fahari, akaanzisha na chuo kikuu Grenoble mwaka 1339, ila hela hana. Mwanae wa pekee, André, alikuwa ameshafariki tangu 1335 akiwa bado mdogo, kwahiyo mrithi hana na wanaomdai wapo mlangoni. Akajaribu kumuuzia Papa Benedikto XII nchi nzima, wakahesabu mali, dili likafa. Ndo akageukia kwa mfalme wa Ufaransa, Philippe VI.

Hapa ndipo vitabu vingi vya shule vinarahisisha mno. Wanakwambia Humbert aliuza kwa sharti kwamba kila mrithi wa taji aitwe Dauphin. Sasa cheki mkataba wa kwanza wa 1343: anayetajwa kuchukua nchi ni mtoto wa PILI wa mfalme, Philippe, wala sio mrithi. 1344 wakabadilisha, ikawa iende kwa Jean, mtoto mkubwa. Halafu 1349, mkataba wa mwisho pale Romans, kwa florini (sarafu za dhahabu) 200,000 pamoja na pensheni ya kila mwaka, nchi ikaenda kwa Charles, mtoto wa huyo Jean, mjukuu wa mfalme, miaka 11. Yaani Dauphin wa kwanza wa ukoo wa kifalme siku anapewa cheo hakuwa hata mrithi wa moja kwa moja, baba yake bado yupo kwenye foleni mbele yake! Mwaka uliofuata babu akafa, Jean akawa mfalme, Charles akawa mrithi, na hapo ndo cheo na urithi vikaanza kutembea pamoja. Mazoea yalianza hivyo, kidogo kwa bahati, na kwa maoni yangu hiyo ndo historia ya vyeo vingi tunavyodhani vilipangwa tangu mwanzo.

Humbert mwenyewe akaenda kuwa mtawa wa Wadominiko, akafa 1355. Deni limelipwa, roho nyeupe.

Masharti yalikuwepo lakini, tena mazito, ila yalihusu nchi zaidi kuliko jina. Watu wa Dauphiné waliahidiwa kubaki na haki zao na mambo ya kodi yao, na nchi isimezwe na Ufaransa. Ndo maana ukisoma nyaraka za kule unakuta mfalme anaitwa mfalme na Dauphin kwa pamoja, maana bila hicho cha pili kule hakuwa na chake.

Kuna kipindi cheo kiligeuka silaha. Charles VII alikipata baada ya kaka zake wawili kufa wakiwa Madauphin, mmoja 1415 mwingine 1417, halafu mwaka 1420 mkataba wa Troyes, kati ya Ufaransa na Uingereza, ukampa urithi Henry V wa Uingereza na huyu kijana ukamwandika "anayejiita Dauphin". Tusi la kisheria hilo. Baba yake alifariki 1422, ila hata 1429 Jeanne d'Arc, yule binti aliyepigana na Waingereza upande wake, bado alikuwa anamwita Dauphin, kwake yeye mtu hajawa mfalme mpaka apakwe mafuta Reims, mji wa kutawazia wafalme, ikaja kutimia tarehe 17 Julai mwaka huohuo.

Mtoto wa Charles VII, Louis XI wa baadaye, ndo Dauphin wa mwisho aliyetawala kweli Dauphiné. Alikaa kule 1447 hadi 1456, akaunda parlement (mahakama kuu ya jimbo) Grenoble, chuo Valence, akaoa bila ruhusa ya baba, mpaka mzee akatuma jeshi na dogo akakimbilia Burgundy. Baada ya hapo hakuna mfalme aliyerudia kumpa mwanae nchi ya kuchezea, likabaki jina.

Na sio kila mrithi alilipata. Lilikuwa la uzao wa mfalme moja kwa moja, mtoto, mjukuu, kitukuu. François I kabla ya 1515 alikuwa mrithi wa binamu yake, hakuwahi kuitwa Dauphin hata siku moja. Kwa upande mwingine angalia nyumba ya Louis XIV: Aprili 1711 mwanae akafa kwa ndui, Februari 1712 mjukuu akafa kwa surua siku chache baada ya mkewe, Machi kitukuu naye akaenda, Madauphin watatu ndani ya mwaka mmoja. Cheo kikaangukia kwa mtoto wa miaka miwili, ambaye mlezi wake Madame de Ventadour aliwakatalia kabisa madaktari wasimtoe damu. Akapona, ndo Louis XV. Huyo mama angestahili sanamu.

Mapinduzi yakaja, na kumbuka Juni 1788 watu wa Grenoble walishapanda juu ya mapaa wakawarushia askari wa mfalme vigae. Katiba ya 1791 ikakifuta cheo, mrithi akawa Prince Royal tu, na mtoto aliyekuwa nacho, Louis-Charles, mwana wa mfalme Louis XVI, akafia gerezani Temple mwaka 1795 akiwa na miaka 10. Walijitokeza wengi wakidai ndo yeye, mpaka vipimo vya vinasaba vya moyo wake mwaka 2000 vikakata ubishi.

Cheo kilirudi kidogo tu, 1824, kwa Louis-Antoine, mtoto wa Charles X. Agosti 1830 baba akajiuzulu, naye akajiuzulu siku hiyohiyo, wakaenda uhamishoni. Mfalme mpya, Louis-Philippe, alikuwa na watoto wa kiume wa kutosha ila mkubwa wao hakumwita Dauphin, akarudia lile jina la 1791, Prince Royal.