Uanachama wa klabu ya karavani Uingereza: kadi ile inafungua nini

Neno karavani asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni msafara: watu, ngamia na mizigo wakivuka jangwa pamoja. Waingereza wakalichukua, wakalipunguza taratibu, mpaka leo kwao karavani ni kijumba cha magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari, chenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Ukiwasikia ndugu zetu wa Leicester au Reading wakisema fulani kanunua karavani, usitafute ngamia.

Kinachofuata baada ya kununua ni swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: nijiunge na klabu ipi? Kubwa ni mbili. Camping and Caravanning Club ilianza mwaka 1901, na Caravan and Motorhome Club ilianza mwaka 1907 kwa jina la Caravan Club, ikaongeza magari ya kulala (motorhome) kwenye jina lake mwaka 2017. Majina yanafanana mpaka yanachanganya, na ada zake hazipishani sana. Ndiyo maana wengi huishia kulinganisha ada na punguzo la bei, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanapolinganisha kitu kisicho kikubwa.

Jambo kubwa limo kwenye sheria. Mwaka 1960 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya viwanja vya karavani. Tangu hapo, mwenye ardhi akitaka kukodisha nafasi za karavani anahitaji leseni ya halmashauri, na kabla ya leseni awe na kibali cha matumizi ya ardhi. Kwa mkulima mwenye kishamba cha pembeni, huo ni mlolongo wa fomu, gharama na majirani wa kupinga. Lakini sheria hiyohiyo iliacha mlango. Klabu ya mapumziko iliyopewa cheti cha msamaha inaweza kumwidhinisha mkulima huyo apokee karavani zisizozidi tano kwa wakati mmoja, bila leseni wala kibali, kwa sharti kwamba wanaolala pale ni wanachama wa klabu hiyo.

Sasa rudi kwenye neno uanachama. Kadi ya duka kubwa inakupunguzia bei, na usipokuwa nayo unalipa zaidi na maisha yanaendelea. Kwenye viwanja hivi vidogo, kadi ndiyo inayomfanya mkulima awe ndani ya sheria anapokufungulia geti. Asiye mwanachama haongezewi bei, hapokelewi. Ndiyo sababu mkulima atakuuliza kadi kwa upole lakini hatakuruhusu upite bila kuiona, na hana ubaya wowote na wewe.

Caravan and Motorhome Club viwanja hivyo vidogo inaviita CL (Certificated Location, yaani mahali palipoidhinishwa), nayo inavyo zaidi ya 2,000. Camping and Caravanning Club inaviita CS (Certificated Site, yaani kiwanja kilichoidhinishwa), nayo inavyo zaidi ya 1,000. Kadi ya klabu moja haifungui geti la nyingine.

Ukifika kwenye kimoja utaelewa kwa nini watu wanavipenda. Unaacha barabara kuu, unapita kati ya ua wa miti unaogusa vioo vya gari pande zote mbili, halafu shamba linafunguka. Majani yamefyekwa. Pembeni kuna bomba moja la maji ya kunywa, limevikwa sponji na gunia lisigande wakati wa baridi. Hatua chache kutoka hapo kuna shimo lenye kifuniko cha chuma la kumwagia choo cha kemikali, na pipa la taka. Malipo pengine ni bahasha unayotia kwenye kisanduku ukutani, umeandika namba ya gari na idadi ya usiku. Jioni jirani yako ni kondoo na karavani nyingine nne, zimeachana mita sita au zaidi kwa ajili ya usalama wa moto. Kimya chake ni kile cha kijijini kwa bibi baada ya taa kuzimwa.

Mabafu mara nyingi hayapo. Kwa mwenye karavani si shida, choo chake anacho. Kwa mwenye hema na watoto watatu ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa, na hapa ndipo klabu hizi mbili zinapoachana kwa kweli.

Camping and Caravanning Club ilizaliwa na hema. Mwanzilishi wake, Thomas Hiram Holding, alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1853, akiwa mtoto wa miaka tisa, alivuka mbuga za Marekani na wazazi wake katika msafara wa magari ya kukokotwa. Alipokua akawa mtu wa baiskeli, na klabu aliyoianzisha ilikuwa ya waendesha baiskeli waliobeba hema zao wenyewe. Mpaka leo hema halijawa mgeni mle. CS inaweza kuweka mahema kumi pamoja na zile karavani tano, nafasi ikiruhusu, na wapo wanachama wasiomiliki gurudumu lolote zaidi ya baiskeli. Ina vikundi vya wenye mahema mepesi, vya mitumbwi, vya wapiga picha. Ina pia kundi la vijana kuanzia miaka 12, ambao hufundishwa kupiga kambi na kupimwa kabla ya kuaminiwa kulala kwenye hema lao wenyewe. Hili la vijana nalisisitiza kwa wazazi wenzangu, kwa sababu watoto wetu wengi wamezaliwa mjini na hawajawahi kuwasha moto kwa mikono yao.

Klabu ya 1907 ilitoka kwa watu wa nyumba za magurudumu. Daktari wa zamani wa jeshi la majini, William Gordon Stables, alitengenezewa karavani ya mapumziko mwaka 1885, akaondoka nayo Twyford kusini mwa Uingereza hadi Inverness, Scotland, ikivutwa na farasi wawili. Baadaye akawa miongoni mwa wakubwa wa klabu. Tabia hiyo imebaki: viwanja vyake vikubwa vina nafasi za kuegesha zilizoshindiliwa kokoto, umeme na mabafu safi, na mahema yanakubaliwa kwenye baadhi tu. CL zake nazo kwa kawaida ni za karavani na magari ya kulala. Anayevuta karavani kwa mara ya kwanza atafaidika pia na mafunzo yake ya kurudi nyuma na kuegesha. Tangu Desemba 2021 mtihani wa ziada wa kuvuta trela umeondolewa, na mwenye leseni ya kawaida ya gari anaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500. Ruhusa ya kisheria haimfundishi mtu usukani, na karavani inayoyumba kwenye barabara kuu inatisha.

Viwanja vikubwa vya klabu zote mbili, kwa sehemu kubwa, vinapokea hata wasio wanachama, kwa nyongeza ya kila usiku. Huko ndiko hesabu ya ada ina maana. Tuseme ada ya mwaka ni pauni 60 na nyongeza ni pauni 12: ukilala usiku wa tano, ada imerudi. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na inatoa jibu karibu lilelile kwa klabu zote mbili, kwa hiyo haikusaidii kuchagua.

Kinachosaidia ni ramani. Tia alama nyumbani kwako, chora duara la mwendo wa saa mbili, kisha hesabu viwanja vidogo vya kila klabu vilivyomo ndani yake. Soma kimojakimoja: kina umeme? Kinapokea hema? Kinapokea watoto? Wapo wakulima wanaotaka watu wazima tu, nao wanaandika wazi. Familia moja ninayoifahamu, yenye hema na watoto wanne, ilifanya hivyo usiku mmoja mezani ikajiunga na ile ya 1901. Jirani yao, fundi bomba aliyenunua karavani iliyotumika, akajiunga na ile ya 1907 kwa sababu CL iliyo karibu zaidi naye iko dakika 35 kutoka kazini, na Ijumaa anaweza kutoka kazini moja kwa moja akafika kabla ya giza.

Wapo wanaolipa zote mbili. Kwa anayelala nje wikendi nyingi za mwaka ni sawa. Kwa anayeanza, achukue moja na aitumie mwaka mzima, majira ya baridi yakiwemo, maana CL na CS nyingi hazifungwi, na Novemba shamba lote linaweza kuwa lako peke yako.