Wasomaji wa mawazo jukwaani hawazaliwi na nguvu ya ajabu
Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: eti wanaosoma mawazo jukwaani wamezaliwa na nguvu ya pekee, na ukiwatazama machoni wanaingia kichwani mwako. Si kweli. Ni sanaa, na hujifunzwa.

Jaribu mwenyewe. Mwambie mtu afikirie namba yoyote, aizidishe kwa 2, ajumlishe 8, agawanye kwa 2, kisha atoe namba aliyoanza nayo. Atabaki na 4 siku zote, maana namba yake imejifuta na imesalia nusu ya ile 8. Ukilitaja jibu harakaharaka, ni hesabu tu. Ukinyamaza kidogo, ukamtazama kwa utulivu, ukalitaja kwa sauti ya chini, ukumbi mzima unashtuka. Kazi yenyewe iko hapo, kwenye mazoezi marefu ya sauti, macho na kimya.

Kinachotuchanganya ni kumbukumbu zetu. Msanii akikosea mara tatu na kupatia moja, nyumbani tunasimulia ile moja (nami nimo).

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mrudishie aliyekutumia hilo fumbo la 4.